“Mbona” si “kwa nini”: maneno madogo na msimamo wa msemaji

Muulize mtu, “Kwa nini hujala?” naye atakutajia sababu: hana njaa, amefunga, chakula hakijaiva. Muulize, “Mbona hujala?” naye huenda akaanza kujitetea. Tukio ni lilelile na kitenzi ni kilekile, lakini aliyeulizwa kwa “mbona” amesikia jambo la ziada: muulizaji alitegemea kumkuta ameshakula, na alichokikuta hakilingani na alivyotegemea. “Kwa nini” huomba sababu. “Mbona” huonyesha kwanza kwamba kuna kitu hakijakaa sawa, ndipo huomba maelezo, na mara nyingine haiombi chochote. Mtu akikulaumu kwamba hukumpigia simu ukamjibu, “Mbona nimepiga!”, hapo huulizi. Unayapinga mawazo yake.

“Mbona” ina ndugu wengi: kumbe, kwani, eti, hivi, si, hebu, tu, basi, haya, yaani, bwana, jamani. Ukiyaondoa katika sentensi, habari ya msingi haibadiliki. Kama “Asha amerudi” ni kweli, basi “Kumbe Asha amerudi”, “Si Asha amerudi”, “Eti Asha amerudi” na “Asha amerudi bwana” zote zinamhusu Asha yuleyule aliyerudi safari ileile. Tofauti imo katika hesabu aliyoipiga msemaji juu ya msikilizaji wake: anajua nini, hajui nini, alitegemea nini, na ana nafasi gani ya kukataa. Hiyo ndiyo kazi ya maneno haya, na ndiyo sababu mgeni anaweza kujua ngeli zote na nyakati zote za vitenzi, akazungumza bila kosa, na bado akasikika kama anayesoma taarifa ya habari.

Kuna sababu ya Kiswahili kuyategemea sana. Ndugu zake wengi wa Kibantu hutofautisha maneno kwa toni. Kiswahili hakina toni ya namna hiyo. Mkazo wake nao umetulia kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sauti hupanda na kushuka, ndiyo maana “Asha amerudi?” hutofautiana na “Asha amerudi”, lakini hatuna mazoea ya Waingereza ya kuliacha neno mahali pake na kulikandamiza kwa sauti ili lisikike kama mzaha, ubishi au mshangao. Sisi tunabadili mpangilio wa maneno, au tunaongeza neno dogo. Kile ambacho lugha nyingine hukitia kooni, sisi tumekipa silabi zake.

Sarufi tuliyosomeshwa haikuyapa maneno haya makao ya kudumu. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, iliipokea lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na shughuli yake kubwa ilikuwa tahajia, kamusi na vitabu vya shule, yaani lugha ya kuandikwa. Mpaka leo mwanafunzi hufundishwa aina saba au nane za maneno, kutegemea kitabu, kisha maneno madogo hugawanywa humo: “kumbe” kihisishi, “tu” kielezi, “kwani” kiunganishi. Mgawanyo huo una ukweli wake, ila huficha mengi. “Kwani” ya kitabuni ni ya “Hakuja kwani alikuwa mgonjwa”, nayo hutoa sababu. “Kwani” ya mazungumzo ni ya “Kwani alikuwa mgonjwa?”, nayo hupinga jambo lililochukuliwa kuwa linajulikana. Mwanafunzi hupata alama kwa ya kwanza, kisha hurudi nyumbani akazungumza kwa ya pili.

Wenzetu wengine nao walichelewa kuyathamini maneno ya namna hii. Kijerumani kina vijineno kama “doch”, “mal” na “halt” ambavyo mwalimu wa mtindo wa uandishi Ludwig Reiners alivifananisha na chawa. Mtazamo wa wanaisimu ulianza kugeuka mwaka 1969, Harald Weydt alipochapisha kitabu kizima juu yake. Baada ya hapo ilidhihirika kwamba vijineno hivyo vina kanuni kali: vina nafasi zake katika sentensi, huchagua aina ya sentensi, na havibadilishani ovyo. Vya kwetu navyo viko hivyohivyo.

Tuanze na vile vinavyohusu ujuzi. “Kumbe” hutangaza kwamba msemaji amejua sasa hivi kitu ambacho tangu awali kilikuwa hivyo. “Kumbe una gari!” haisemi kwamba gari limenunuliwa leo, inasema msemaji ndiyo kwanza amelijua leo. Katika hadithi msimulizi huwa anajua siri tangu mwanzo, kwa hiyo “kumbe” yake si ya kwake. Ni ya mhusika, au ya wasikilizaji waliokaa mbele yake. Akisema, “Wakamkaribisha yule mgeni, wakampa chakula, kumbe ni yule jambazi anayetafutwa,” ameichagua sekunde ya kuwashtua. Iondoe “kumbe”, uweke “naye alikuwa”, na mshtuko unageuka maelezo.

“Si” hufanya kinyume chake. Katika “Huyu si mwalimu” hukanusha. Katika “Si mwalimu huyu!” huthibitisha, tena kwa nguvu, kwa kuwa msemaji anadai kwamba hata wewe unalijua jambo hilo. “Si nilikuambia?” inamnyima msikilizaji nafasi ya kusema hakuambiwa. Ndiyo maana “si” hii inafaa kwa lawama, na inafaa vilevile kwa kufariji. Mtoto anayelia gizani akiambiwa, “Si nipo hapa?”, hapewi habari mpya, anakumbushwa jambo ambalo hofu imemsahaulisha.

“Kwani” inakaa katikati ya hizo mbili. Msemaji amesikia au ameona kitu, akakisia maana yake, na sasa anakirudisha kwa mwenzake akijaribu. Mtu anavua viatu wakati wenzake wanajiandaa kutoka; anaulizwa, “Kwani huendi?” Hapo swali limejengwa juu ya viatu. Lakini likiulizwa bila ushahidi wa namna hiyo, huwa la ukali: “Kwani wewe nani?” haitafuti jina, inakuvua mamlaka uliyojipa. “Hivi”, ikitangulia swali, hufanana na “kwani” kwa sura, ila mzizi wake ni tofauti. “Hivi bei ya unga imefika ngapi sasa?” ni swali la mtu aliyekuwa na jambo moyoni kabla hajafungua kinywa. Kwa sababu hiyo “hivi” ndiyo hupendwa na anayetaka kuuma: “Hivi wewe unajionaje?” humwambia mtu kwamba tabia yake imekuwa ikifikiriwa kwa muda.

“Eti” hubeba maneno ya mwingine na kuyaweka mbali na mdomo wa msemaji. Gazeti huandika “inadaiwa” kwa kazi inayofanana na hiyo, lakini “inadaiwa” hujikinga mbele ya sheria na haina uso. “Eti” hujikinga mbele ya jirani, na mara nyingi inacheka. “Inadaiwa amepandishwa cheo” ni habari inayosubiri uthibitisho. “Eti amepandishwa cheo” imeshakwisha kuhukumu. Hata hivyo dhihaka si lazima. Mtaani Dar es Salaam mtu humsimamisha asiyemjua na kumwambia, “Eti dada, hili gari linafika Mbagala?” bila kejeli yoyote. Anachofanya ni kuonyesha kwamba ana fununu, ila hawezi kuisimamia mwenyewe, anaiomba ithibitishwe.

Ukiyapanga maneno haya kwa nafasi, mpangilio unajitokeza. Yanayotangulia sentensi, kama kumbe, kwani, mbona, eti, hivi na hebu, humwandaa msikilizaji: yanamwambia ni jambo la namna gani linakuja na limetoka wapi. Yanayokuja mwishoni, kama bwana, jamani na basi ya kusihi, yanahusu watu wenyewe: tumesimamaje mimi na wewe baada ya hilo kusemwa. Katikati hukaa yale yanayopima uzito wa neno lililo karibu, kama tu, hata na “ndo” ya mazungumzo. “Kwani si nimekuambia nakuja tu jamani!” imechukua kutoka kila fungu, na kila kimoja kimekaa kwake. Jaribu kuianza na “tu”, sentensi itavunjika. Yapo yanayohamahama. “Jamani” huweza kuanza ili kuita watu, na “basi” ina makao matatu. Hata hivyo maana hubadilika kila neno linapohama, na hilo lenyewe linaonyesha kwamba nafasi ina kazi.

Katika yale ya katikati, “tu” inastahili kutazamwa kwa karibu, maana kamusi huifasili kwa “pekee” au “bila ya kitu kingine” na kuishia hapo. Msikilize mtu siku nzima. “Ni mtoto tu” hupunguza. “Analia tu” husema kilio hakikomi. “Atakuja tu” huahidi kwa uhakika kuliko “Atakuja”. “Ingia tu” hutoa ruhusa. “Nzuri tu”, jibu la salamu, hutuliza mambo yasionekane makubwa. Kupunguza na kuhakikisha vinaonekana kugongana, lakini msingi ni mmoja: “tu” huyafuta mengine yote yaliyowezekana. Ni mtoto, si zaidi ya hapo. Analia, hafanyi jingine. Atakuja, njia ya kutokuja haipo. Ingia, hakuna sharti wala hodi ya pili. Habari ni nzuri, sina la kuongeza. Anayeufahamu msingi huo hahitaji orodha ya maana tano.

Kukataa nako kuna ngazi, na kila ngazi ina neno lake. Ukiulizwa, “Amekulipa?” unaweza kujibu “Bado”, na matumaini yakabaki. Ukijibu “Hata!”, hakuna hata senti iliyofika. “Wapi!” huyacheka matumaini yenyewe, na kumcheka kidogo aliyeuliza. “Thubutu!” humhukumu mdaiwa: yule si mtu wa kulipa. “Ng’o!” hufunga mjadala. Majibu haya manne ya mwisho yana taarifa moja tu, hakulipa. Yaliyobaki yote ni msimamo.

Twende kwenye yale yanayoshughulika na watu. “Hebu” hulifanya tendo lionekane dogo na la papo hapo: “Hebu onja”, “Hebu nione”, “Hebu sogea kidogo”. Mwenye kuombwa huona hatapoteza kitu. Neno hilohilo likiwekwa mbele ya tendo zito hugeuka dharau, na sababu ni ileile. “Hebu toka hapa!” huuma kuliko “Toka hapa!” kwa kuwa kuondoka kwako kumefanywa jambo dogo, na wewe nawe umefanywa mdogo.

“Basi” asili yake ni Kiajemi, na huko maana yake ni kutosha. Kutosha huko bado kumo katika kazi zake zote. “Basi!” peke yake hukomesha ugomvi. “Basi, siku ya pili yake…” humwambia msikilizaji wa hadithi kwamba ya jana yametosha, tusogee. “Njoo basi” husihi: nimeshakuita, umeshasita, vyote hivyo vimetosha, sasa njoo. Ukisikia mama anamwambia mtoto “Kula basi”, ujue hilo si neno la kwanza kusemwa mezani pale.

“Bwana” ya mwisho wa sentensi imeshaachana na jinsia. Mwanamke humwambia shoga yake “Acha bwana!” na hakuna anayegeuka kumtafuta mwanamume. Kazi yake ni kudai usawa: wewe na mimi tunaelewana, usinifanyie ugeni. “Jamani” ina umbo la wingi, lakini huambiwa hata mtu mmoja. Mke akimwambia mumewe, wakiwa wawili chumbani, “Jamani, ndiyo saa za kurudi hizi?”, huita hadhara isiyokuwepo ije ishuhudie. Ndiyo maana neno hilo hufaa kwa lawama, kwa huruma na kwa kuomba radhi: kila mara kuna umma wa kudhaniwa unaotakiwa kuona.

Ukitaka kuona kazi hii ikifanyika bila habari yoyote ndani yake, sikiliza watu wakimaliza kuzungumza kwenye simu. Mazungumzo yameisha, lakini mmoja husema, “Haya.” Mwenzake, “Haya basi.” Wa kwanza, “Sawa, wasalimie.” “Haya, zimefika. Basi poa.” “Haya.” Ndipo simu hukatwa. “Haya” ya kwanza huomba ruhusa ya kuondoka. “Haya basi” huitoa, na pia huacha mlango wazi kama kuna jambo limesahauliwa. Wengi hulikumbuka hapohapo jambo lenyewe lililowafanya wapige simu. Anayekata baada ya “haya” ya kwanza hajavunja kanuni yoyote ya sarufi, lakini mwenzake atabaki anaitazama simu akijiuliza amekosa nini.

Hata lugha rasmi inaishi kwa mbinu hiyo, ingawa maneno yake ni mapana zaidi. Msikilize mbunge katika Bunge la Tanzania. “Mheshimiwa Spika” haisemwi mara moja mwanzoni. Hurudiwa karibu kila hoja inapoanza, na Taarifa Rasmi za Bunge huyaandika marudio hayo. Hapo maneno hayo yameacha kuwa ya kumwita mtu anayejua kwamba anaitwa. Yamekuwa pumzi, alama ya aya, na kinga: kila ninachosema namwambia Kiti, hata kama mkuki unaelekezwa upande wa pili.

Ukihama mji, maneno hubadili kazi hata yakibaki na sura. Nairobi “si” hutoa pendekezo: “Si twende” ni mwaliko, na anayealikwa anachukuliwa kuwa ameshakubali nusu. “Bwana” huko ni “bana”, na “ama?” huwekwa mwishoni kutafuta kuungwa mkono. Mombasa “ati” huja mwisho wa sentensi kukazia, “Sijui ati!”, ilhali Nairobi “Ati?” ya peke yake maana yake umesema nini, kwa mshangao au kwa kutosikia. Lubumbashi “ndiyo” imekuwa “njo” na inafanya kazi nyingi za kukazia ambazo Dar es Salaam hufanywa na “ndo”. Maneno haya huvuka mipaka kwa urahisi kwa sababu hayahitaji ngeli wala upatanisho. “Yaani” na “hata” yametoka Kiarabu yakakaa bila kubadili kitu katika sarufi yetu, kama vijana wa leo wanavyoanza sentensi kwa “so” huku kitenzi kinachofuata kikiwa Kiswahili kitupu.

Jambo ambalo vitabu hulisema kwa nadra ni kwamba maneno haya yana wenyewe. Mtu mzima humuuliza mtoto, “Mbona umechelewa?” Mtoto akimgeuzia mzazi swali hilohilo, hasa kwa sauti ya juu, nyumba nyingi zitaona amevuka mpaka. Aliyetumwa dukani akajibu “Kwani lazima niende mimi?” hataadhibiwa kwa swali, ataadhibiwa kwa “kwani”, kwa kuwa amepinga haki ya mkubwa kumtuma. “Hivi” na “eti” zikielekezwa kwa mkubwa ni hatari zaidi. Kinyume chake, “jamani” na “basi” ya kusihi zinaruhusiwa kwenda juu, kwa sababu zinaomba. Sheria hizi hakuna anayezisomesha, na mtoto wa miaka sita ameshazijua.

Maandishi yalidhaniwa yangeyaua maneno haya. Imekuwa kinyume. Barua rasmi na habari za gazeti bado zinayafukuza, na ni haki yao, maana hazimjui msomaji wao kiasi cha kukisia anachotegemea. Lakini ujumbe wa simu umeyapa tahajia yake yenyewe: “bhana”, “jmn”, “ndo”, “etiii” yenye i nyingi kadiri ya dhihaka. Waandishi wa ujumbe huo hawakufundishwa na mtu. Waligundua kwamba ujumbe usio na neno dogo husomeka kama hasira: “Njoo” ni amri, “Njoo basi” ni hamu.

Kwa hiyo kamusi ina deni. Haitoshi kuandika kwamba “mbona” ni kiulizi au “kumbe” ni neno la mshangao. Msomaji anahitaji kuambiwa neno linadhani nini juu ya msikilizaji, linakaa wapi katika sentensi, na nani anaruhusiwa kumwambia nani. Mwalimu wa wageni naye aanze na mazungumzo mapema, kabla mwanafunzi hajajizoesha sentensi zisizo na mtu ndani yake.

Kuyapuuza maneno haya kunagharimu zaidi mahakamani. Kwa miaka mingi, nje ya mahakama za mwanzo, shahidi wa Tanzania alizungumza Kiswahili na hakimu akaandika Kiingereza. Chukua shahidi anayesema, “Nikamfungulia mlango, kumbe ana kisu.” Ameeleza mambo mawili: kisu kilikuwepo, na yeye hakukijua alipofungua. Rekodi inayosema kwamba alimfungulia mlango mtu mwenye kisu imehifadhi la kwanza na kulitupa la pili, na la pili ndilo linalomtenga na washirika wa uhalifu. Shahidi mwingine anasema, “Eti alikuwa safarini”. Ikiandikwa kwamba mshtakiwa alikuwa safarini, maneno ya kusikia yamegeuzwa kuwa ushahidi. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama, huku Kiingereza kikiachiwa nafasi pale haki inapodai. Anayeandika mwenendo wa kesi kwa Kiswahili sasa hawezi kuisingizia tafsiri. Akiiacha “kumbe” nje kwa kudhani ni pambo la usemi, atakuwa amebadilisha alichokisema shahidi.